Maji ya chumvi yaliyotulia: namna ya kupima joto tabaka kwa tabaka na kujua kwa nini chini kuna moto

Siku mbili baada ya mvua ya vuli niliingia kwenye bwawa la shamba la chumvi huku upande wa Gongoni, suruali nimeikunja hadi magotini. Maji ya juu yalikuwa vuguvugu tu, kama ya ndoo iliyosahauliwa uani. Nilipokanyaga chini niliruka. Magoti yalikuwa na raha zake, kifundo cha mguu kinaungua. Mzee aliyekuwa akikwangua chumvi bwawa la pili alicheka, akaniambia, "Mwanangu, hayo maji yamefunikwa." Nikadhani ni utani. Baadaye nikaja kuelewa kwamba hakuna neno bora zaidi la kueleza kilichokuwa kikitokea pale.

Mwongozo huu ni wa kutengeneza bwawa la namna hiyo nyumbani, ndani ya nusu pipa, kulipima, na kujua kila tofauti ya joto unayoiona imetoka wapi. Unamfaa mwalimu wa sayansi, mwanafunzi anayetafuta mradi wa mashindano, mkulima wa mwani, au yeyote mwenye udadisi na sehemu ya ua inayopigwa jua. Kinachokula pesa ni chumvi, kilo 15. Nyuzi zote humu ni za Selsiasi.

Tuondoe kwanza kosa moja ambalo nami nililiamini miaka mingi: kwamba maji ya chumvi "hushika joto" kuliko maji matamu. Sivyo. Kilo moja ya maji matamu huhitaji kilojuli 4.18 ili ipande nyuzi moja. Kilo ya maji ya bahari huhitaji kama kilojuli 4.0, na chumvi ikizidi kiasi hicho hupungua tena. Ukikoroga chumvi sawasawa ndani ya pipa zima, maji yake yatapata joto na kupoa karibu sawa na maji ya kisima. Chini huwa moto pale tu ambapo chumvi ya chini imezidi ya juu. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata zitakuwa na maana.

Vifaa

Pipa la plastiki la lita 200 lililokatwa katikati (la chuma litaliwa na kutu kabla hujamaliza), karatasi ya nailoni nyeusi ya kulitandika ndani, chumvi ya mawe kilo 15, ndoo mbili za lita 20, mpira mwembamba wa mita mbili, kisosi kimoja kizito, kitambaa cha kuchujia, ufito ulionyooka, na kipimajoto. Cha dijitali chenye waya mrefu, kile wanachotumia wauza samaki kwenye friza, ndicho kizuri. Cha kioo chenye spiriti nyekundu pia kinafaa, kwa masharti nitakayoyataja. Cha hospitali usikiguse, kwani kimeundwa kwa joto la mwili tu. Na makumbi ya nazi, gunia mbili tatu. Asiye na makumbi atumie pumba za mpunga au vumbi la mbao.

Hatua ya 1: Jaribu kwanza kwenye bilauri

Usianze na pipa. Chukua bilauri, tia maji matamu hadi nusu. Kwenye kikombe koroga vijiko viwili vya chumvi na tone la rangi ya chakula. Vuta maji hayo ya rangi kwa sirinji isiyo na sindano yenye mrija, fikisha ncha ya mrija hadi chini ya bilauri, sukuma polepole sana. Utaona maji ya rangi yanalala chini kama shuka, na maji matamu yanainuka yote bila kuvurugika. Iache mezani hadi kesho. Mpaka utakuwa umefifia kidogo, lakini bado upo.

Jaribio hili linakufundisha mkono. Ukisukuma kwa pupa yanachanganyika, na kwenye pipa pupa hiyo itakugharimu kilo 15.

Hatua ya 2: Andaa pipa

Liweke mahali penye jua kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, pasipopigwa na upepo mkali. Lizungushie makumbi kiganja kizima cha unene, na chini yake pia. Bila hivyo joto litatokea ubavuni na utapima ukuta wa pipa ukidhani unapima maji. Zaidi ya hapo, ukuta unaopigwa jua hupasha maji yanayougusa, yakapanda kando kando na kuanzisha mzunguko usioutaka. Tandika nailoni nyeusi ndani, iondoe mikunjo.

Sisi tulio karibu na Ikweta tuna bahati hapa: jua la saa sita liko karibu utosini, kwa hiyo hufika hadi kitako cha pipa. Mtu wa Ulaya akitengeneza pipa hilihili, kwa miezi mingi ya mwaka kitako kitakuwa kivulini mwa ukuta.

Hatua ya 3: Andaa maji ya kila tabaka

Nusu pipa lina upana wa sentimita 57 hivi, kwa hiyo kila sentimita 5 za kina ni lita 13 kasoro. Mpango wenyewe ni huu, kutoka juu kwenda chini:

- sentimita 5 za maji matamu, lita 13;
- matabaka manne ya sentimita 5 kila moja, lita 12 za maji kwa kila tabaka: la kwanza chumvi kilo 0.6, la pili 1.2, la tatu 1.8, la nne 2.4;
- sentimita 15 za maji mazito, lita 35 kwa kilo 9 za chumvi.

Jumla ni sentimita 40. Chumvi ya mawe huja na mchanga na tope. Iyeyushe jana yake, iache itulie usiku kucha, kisha chuja kwa kitambaa. Maji yenye ukungu hunywa jua palepale juu, chini hakuendi kitu.

Hatua ya 4: Kujaza, kwa kuanzia na maji mepesi

Hapa wengi hufikiri kinyume. Akili inasema anza na maji mazito, kisha mimina mepesi juu yake. Inawezekana, ila kila mmimino utavuruga tabaka la chini yake. Njia nzuri ni kuanza na maji matamu. Yatie lita 13, yatafunika kitako cha pipa. Sasa weka kisosi kichwa chini katikati ya kitako, chomeka ncha ya mpira chini yake, ili maji yatoke kwa ubavu badala ya kuruka juu. Ndoo ya tabaka la kilo 0.6 iweke juu ya stuli, jaza mpira maji kabla ya kuutumbukiza (usiuvute kwa mdomo, utajuta), kisha uachie polepole huku umeubana kwa vidole. Maji yenye chumvi yataingia chini na kuyainua matamu.

Fuata na la kilo 1.2, halafu 1.8, halafu 2.4, na mwisho maji mazito. Ndoo moja ichukue dakika kumi. Usiache mpira ukavuta hewa, maana mapovu yakipanda yanakoroga matabaka yote yanakopita. Ukimaliza, banua kisosi taratibu, utoe mpira.

Kipimo cha kujua umefaulu: tumbukiza yai bichi kwa kijiko, uliachie bila kulisukuma. Kwenye maji matamu yai huzama, kwenye maji mazito huelea. Hapa litashuka kidogo likasimama katikati ya maji, kama sentimita 15 chini ya uso, halizami wala halipandi. Watoto wa jirani yangu walikaa nalo asubuhi nzima. Yai likibaki linaelea juu kabisa, ujue umechanganya.

Hatua ya 5: Hakiki kipimajoto, kisha pima

Ponda barafu ya maji matamu, tia maji kidogo, koroga, chomeka kipimajoto. Kisome 0. Hakikisha hakuna chumvi kwenye barafu hiyo, maana barafu yenye chumvi hushuka chini ya 0 kwa nyuzi nyingi na utakilaumu kipimajoto bure. Maji yanayochemka pwani ni nyuzi 100. Nairobi ni kama 95 tu kwa sababu ya mwinuko.

Weka alama kwenye ufito kila sentimita 5, funga ncha ya waya mwishoni. Pima kutoka juu kwenda chini, usirudi nyuma, na subiri dakika moja au mbili kila alama. Mwenye kipimajoto cha kioo akiking'oa ili akisome, namba huwa imeshabadilika njiani. Heri avute maji ya kina anachotaka kwa sirinji yenye mrija mwembamba, ayatie kwenye kikombe kidogo kilichofungwa kitambaa, asome humo upesi.

Pima mara tatu kwa siku: kabla ya jua kuchomoza, saa tisa alasiri, na saa tatu usiku. Andika kwenye daftari hali ya anga pia. Siku ya kwanza usitarajie mengi. Mimi mwezi wa Januari, jua kali la kaskazi, siku ya sita saa tisa alasiri nilikuta nyuzi 31 juu na 45 chini, na kati yake zinapanda hatua kwa hatua. Pipa lako linaweza kutofautiana na langu, kutegemea makumbi, mawingu na usafi wa maji.

Hatua ya 6: Soma sababu kwenye namba zako

*Chini ni moto mchana na usiku.* Jua hupenya hadi kwenye nailoni nyeusi, linageuka joto. Kwenye maji matamu, maji yaliyopata moto hutanuka, yanakuwa mepesi, yanapanda, yanatoa joto lake hewani. Ndiyo maana sufuria huchemka yote ingawa moto uko chini tu. Hapa yanashindwa kupanda. Tazama hesabu: lita moja ya maji matamu ikipashwa kutoka nyuzi 30 hadi 60 hupungua uzito kwa gramu 12 na nusu hivi. Gramu 20 za chumvi ndani ya lita hiyo zinatosha kufidia upungufu huo na kubakisha. Wewe umeweka tofauti ya gramu 50 kwa kila tabaka. Maji ya chini yamefungwa kwa uzito wake mwenyewe, na joto halina njia ya kutoka ila kupenya kidogo kidogo kwenye maji yaliyosimama, safari inayochukua siku kadhaa kwa sentimita 20. Ndilo blanketi alilolisema yule mzee.

*Alfajiri juu ni baridi kuliko hewa uliyoisikia usiku.* Uso wa maji hupoa kwa mvuke na kwa kutoa joto kuelekea angani, hasa usiku usio na mawingu. Maji matamu yaliyopoa yangezama hadi chini. Hapa huzama sentimita chache, yanakutana na yenye chumvi, yanaishia hapo. Ngozi ya juu kabisa, isiyofika hata milimita, huwa baridi zaidi ya maji yaliyo chini yake kwa sehemu ya nyuzi. Kipimajoto chako hakitaiona, usihangaike nayo.

*Namba zinasimama, kisha zinaruka, kisha zinasimama tena.* Hii ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Badala ya mteremko laini unapata ngazi. Joto husambaa ndani ya maji kwa kasi takriban mara mia kuliko chumvi. Kwa hiyo tabaka la chini hulipasha la juu yake bila kulipa chumvi. Lile linaanza kuzunguka lenyewe kwa lenyewe, linasawazika joto, huku mpaka ukibaki mkali. Ziwa Kivu, kati ya Goma, Bukavu na Gisenyi, lina ngazi kama hizo nyingi mno. Chemchemi za chini ya ziwa huleta maji ya moto yenye chumvi na gesi ya kaboni, mazito kiasi kwamba kuanzia mita 80 hivi kwenda chini joto linaongezeka badala ya kupungua, hadi karibu nyuzi 26, ziwa likiwa na kina cha mita 485.

*Juu ni moto, chini ni baridi.* Basi chumvi imesawazika na pipa lako limegeuka maji ya kawaida. Joto la mchana limekaa juu kwa sababu maji ya moto ni mepesi. Rudi hatua ya 4.

*Joto linashuka ghafla alasiri ya upepo.* Upepo umelikoroga tabaka la juu, likala lile la chini yake. Weka ukuta wa makuti upande unaotoka upepo.

Kuna sababu moja isiyoonekana kwenye pipa hili lakini iko kwenye kila dimbwi la ufukweni maji yakipwa. Pale chumvi huongezeka juu, kwa sababu mvuke huchukua maji na kuacha chumvi. Wakati wa jua, maji ya juu ni ya chumvi zaidi na ya moto zaidi. Kanuni ya kukumbuka: gramu moja ya chumvi katika lita huongeza uzito sawa na kupoza maji hayo kwa nyuzi mbili na nusu hivi. Milimita 5 zikikauka kutoka kwenye sentimita 10 za juu za maji ya bahari, yenye gramu 35, chumvi inaongezeka karibu gramu 1.8, sawa na nyuzi nne na nusu. Joto la mchana linaweza kuyashikilia maji hayo juu hadi jioni. Jua likizama tu, yanapoa, yanazama kwa mkupuo. Hata kabla hayajapoa, chumvi huanza kushuka kwa vijistari vyembamba, jambo ambalo mtaalamu wa bahari Henry Stommel na wenzake walilifungulia njia mwaka 1956 walipokuwa wakiwaza bahari kuu. Ukitaka kuviona, tia maji ya bomba ya baridi kwenye bilauri, kisha juu yake teremsha kwa kijiko maji ya moto yenye rangi na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Subiri. Vitashuka kama nyuzi za mvua kwenye kioo.

Mkulima wa mwani anayetaka kujua kwa nini mstari mmoja unapauka na mwingine hauna neno, apime dimbwi lake hivyohivyo: juu, usawa wa kamba, na mchangani, mchana maji yakiwa yamepwa, na arudie siku inayofuata baada ya mvua. Mvua ndogo hufunika dimbwi kwa maji matamu na kulifanya kama pipa letu. Maji ya usawa wa kamba hayafanani na yale unayoyasikia kwa mkono juu.

Hatua ya 7: Kulitunza

Chumvi hupanda polepole sana, lakini hupanda. Kila siku tatu ongeza maji matamu juu kufidia yaliyokauka, ukiyamimina juu ya kipande cha ubao kinachoelea. Kila wiki mbili peleka kilo moja ya chumvi chini kwa mpira, ikiwa imeyeyushwa. Ukijani ukianza, tia klorini kidogo ya kusafishia maji. Na weka wavu juu: watoto, kuku, na maji mazito ya nyuzi 45 yanayoingia machoni ni mambo yasiyopatana.

Usidhani haya ni michezo ya uani. Huko Sovata, Romania, kuna ziwa la chumvi liitwalo Ursu, ambalo vijito vya maji matamu hulifunika juu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkemia wa Hungaria, Sándor Kalecsinszky, aliandika kwamba zaidi ya mita moja chini ya uso joto lilikaribia nyuzi 70, na akaonyesha kwamba linatoka juani, halitoki ardhini. Na kule Bhuj, Kutch, India, nchi walikotoka Wakachi wetu wa Mombasa na Unguja, katika miaka ya 1990 bwawa la mita za mraba 6,000 lilikuwa likikipatia kiwanda cha maziwa maji ya moto.

Hatua ya 8: Likoroge

Ukishakuwa na namba za wiki mbili, chagua alasiri moja, pima kwa mara ya mwisho, kisha chukua mwiko mkubwa ukoroge pipa lote kwa dakika tano. Pima tena papo hapo: juu na chini ni namba moja. Iache hivyo siku tatu, ukiendelea kupima. Chumvi ni ileile kilo 15, jua ni lilelile, pipa ni lilelile, lakini sasa alasiri juu kutakuwa na joto kuliko chini, na alfajiri vyote vitalingana. Linganisha kurasa mbili za daftari lako.

Maji hayo usiyamwage shambani wala kwenye shina la mnazi mchanga. Yatandaze kwenye nailoni yakauke, chumvi uihifadhi kwa pipa lijalo, si kwa jikoni. Fanya hivyo kiangazi: hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 75 haikaushi maji ya chumvi yaliyokolea, na wakati wa masika unaweza kuyaangalia wiki nzima yasipungue hata kidole.